Gari la Bara kwenye Upepo wa Chumvi

Asubuhi nzima leo nimekuwa naosha gari. Nimeanzia chini, kwenye matao ya magurudumu na kingo za milango, maana huko ndiko chumvi hujificha. Rangi ya juu inaweza kungoja. Ni BMW 525i ya mwaka 1992, ile ambayo wapenzi wa magari haya huiita E34. Jirani yangu mmoja, mtu mzima, alisimamisha baiskeli, akalizunguka polepole, akasema, "Hili lina umbo, bwana." Nilifurahi kama niliyesifiwa mtoto. Umbo lenyewe lilichorwa na Muitaliano, Ercole Spada, alipokuwa BMW chini ya Claus Luthe. Mimi niliyekulia Malindi, ambako hata muuza maembe anajua kupatana bei kwa Kiitaliano, napenda sana kulijua hilo.

Injini ndiyo iliyonivuta tangu ujana. Inaitwa M50, na BMW waliileta mwaka 1990 kuchukua nafasi ya injini yao ya awali, M20. Silinda sita zimejipanga mstari mmoja, vali 24, cc 2,494, nguvu za farasi 192, na badala ya mkanda kuna mnyororo unaozungusha kemshafti, mihimili inayofungua vali. Silinda sita zikikaa hivyo, mitikisiko ya pistoni hufutana yenyewe kwa yenyewe. Gari likinguruma pale pale liliposimama, weka kiganja juu ya boneti uone lilivyotulia. Ipo pia M5, ndugu yake mwenye nguvu zaidi wa umbo hili hili, ambayo injini yake ya kwanza ilikuwa na nguvu za farasi 315. Ile naiheshimu kwa mbali. Spea za 525i nazipata Mombasa, na zikikosekana huko kifurushi huletwa kwa basi kutoka Nairobi.

Kulipata lililo zima ndiyo ilikuwa kazi. Kenya hairuhusu kuagiza gari lililopita miaka minane, kwa hiyo E34 unayoitaka lazima iwe ilishaingia nchini zamani. Niliyoonyeshwa huku pwani yaling'aa kweli kweli. Nilikuwa natembea na sumaku ndogo niliyoifunga kitambaa. Kwenye bati zima inanasa. Ukifika palipozibwa kwa pati inateleza na kuanguka. Nilipima chini ya milango, pale pa kuwekea jeki, na kuzunguka kifuniko cha mafuta. Gari moja sumaku haikushika popote kwenye kingo, kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, na mwenyewe anazidi kunisifia kwamba injini imefanyiwa oveholi juzi tu. Injini inapatikana dukani, ndugu yangu. Bodi iliyokwisha kuliwa na kutu utaipata wapi?

Hili nililitoa Nakuru, kwa mzee mstaafu aliyelinunua likiwa bado jipya. Nilimwamkia, akaniketisha, chai ikaja kabla ya habari ya bei. Daftari lake lina kila oili aliyobadilisha, kwa mwandiko ule ule mzuri. Tulipokwisha kuandikiana alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, hili usilitie maji ya kisima."

Alijua gari lake linakwenda wapi. Visima vyetu vingi hapa vina maji ya chumvichumvi, na wenye magari wengi hujazia rejeta kwa kile kilichopo. Kwa M50 hiyo ni hatari. Bloku yake ni chuma cha kusubu, hedi ni alumini. Chumvi ikiziba njia za maji gari huchemka, na likichemka, hedi hupinda na gasketi huungua. Tena sehemu kadhaa za kupozea maji ni plastiki, ikiwemo shingo ya rejeta, na plastiki iliyokaa kwenye joto miaka mingi hupasuka bila kukuonya. Fundi wangu alipoifungua pampu ya maji aliniita nije nione. Panga la ndani linalosukuma maji, la plastiki, lilikuwa na ufa uliozunguka pale linaposhika mhimili. Alilisukuma kwa kidole gumba tu, likazunguka peke yake huku mhimili umetulia. Hapo hapo tukaweka pampu yenye panga la chuma, rejeta mpya, thamostati na klachi ya feni, kisha tukajaza kulanti, dawa ya kupozea injini, iliyochanganywa na maji ya betri, yale yasiyo na asidi. Mke wangu aliiona jumla akanyamaza. Nilimweleza kipande kwa kipande, akaelewa.

Sasa mshale wa joto unakaa katikati hata saa saba mchana nikiwa kwenye foleni ya Mtwapa. Ninapopenda zaidi ni barabara ya Mambrui alfajiri. Ukivuka daraja la Sabaki, rudisha gia ya tatu, kanyaga. Sauti inapanda bila kukwaruza, na usukani unakuambia lami ikoje. Gari jipya la bei ya hili halinipi hayo.

Bado bushi za nyuma zinagonga nikipita matuta, na ndani ya kingo nataka kunyunyiza nta ya kuzuia kutu kupitia matundu ya kutolea maji. Fundi amesema nilete gari Alhamisi, likiwa kavu kabisa. Nataka kazi hiyo iishe kabla ya kusi kuanza, mwezi wa nne.