Nnavyotembea Waterland kuangalia ndege, bila gari

Mi naishi Amsterdam upande wa Noord (kaskazini), jirani na Waterland, eneo la mashamba ya majani na mitaro, na wageni wangu wengi hawaamini nikiwaambia ndege wote hawa tunawafata kwa miguu, hakuna kiingilio wala mtu wa kukuongoza. Unatoka stesheni kuu mlango wa nyuma, unapanda kivuko ambacho ni bure, ukishuka unashika barabara ya Nieuwendammerdijk, Schellingwoude, hadi Durgerdam. Ukikaribia Durgerdam uko juu ya tuta, kulia maji, kushoto polda, yaani ardhi iliyokaushwa maji, iko chini kabisa na mitaro yake. Hayo maji zamani yalikuwa bahari, Januari 1916 yakabomoa matuta Waterland ikazama, ndo wakaja kuifunga bahari na tuta kubwa la Afsluitdijk mwaka 1932, sa hivi ni ziwa la maji baridi.

Sasa ishu ni muda. Ndege wenyewe ni Aprili na Mei, lakini kuanzia 15 Machi hadi 15 Juni vijia vingi vinavyokatiza kwenye majani vinafungwa sababu wanataga chini, kwahiyo mi kipindi hicho siingii huko kabisa, nabaki kwenye tuta na vibarabara vya lami vya kwenda Ransdorp na Holysloot, na kwa kweli unaona vizuri zaidi maana uko juu alafu wameshazoea baiskeli zinapita. Asubuhi jua linatokea mbele yako ukienda Durgerdam, ndege wote wanakuwa vivuli vyeusi tu, so nikitaka kuona rangi naenda na basi mpaka Holysloot alafu narudi kwa miguu kuelekea mjini, jua liko mgongoni. Ubaya wake upepo wa huku mara nyingi unatoka kusini magharibi, unakupiga usoni njia nzima, chagua moja.

Kupotea ni ngumu, kuna vibao vya namba njia panda, unaandika namba zako kwenye karatasi unazifata, na mnara wa kanisa la Ransdorp, mnene hauna ncha, unauona toka mbali.

Ninayemfata mimi ni grutto, miguu mirefu, mdomo mrefu umenyooka, kifua cha rangi ya kutu. Waholanzi walimchagua ndege wa taifa 2015, na mwenyewe Julai tu ashaanza kuondoka, wengine Hispania na Ureno, wengine mpaka mashamba ya mpunga ya Senegal na Guinea-Bissau, nilicheka sana. Anahitaji udongo laini autoboe kutafuta minyoo, ndo maana shamba lililokaushwa sana humkuti, we tafuta lenye madimbwi na maua, ambalo halijakatwa. Ukimuona kasimama juu ya nguzo anapiga kelele, au anakuzunguka kichwani, jua ana vifaranga karibu, usisimame kupiga picha, pita. Na mbwa mwache nyumbani.

Domomwiko nao wapo, weupe, wanachota kwenye maji ya kina kifupi, angalia zaidi upande wa polda ya IJdoorn ukishapita nyumba za mwisho za Durgerdam. Darubini ndogo inatosha, ila koti la upepo beba hata kama ni Mei.