Siku yangu chini ya Datsun: kizibo cha difu kilichogoma

Saa 12:30 asubuhi. Nafungua gereji yangu hapa Jang'ombe, Unguja, kabla muuza mandazi hajapita. Gari ya leo imelala ndani tangu jana: Datsun 240Z ya rangi ya chungwa, mali ya Ami mmoja wa Mazizini. Difu, lile sanduku la gia la nyuma linalozungusha magurudumu, inavuma mwendo ukizidi, na sakafuni imeacha doa la oili. Chai bado, lakini nimeshalala chini na tochi.

Gari hii naipenda, na sifichi. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda Safari Rally kwa 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda kwa gari ya aina hiyo hiyo. Yalikuwa mashindano ya barabara zetu hizi za Afrika Mashariki, na vumbi lake na matope yake. Injini ina silinda sita za mstari mmoja, lita 2.4. Ukiisikia ikiwaka, unasimama.

Saa 2. Kijana wangu anafika, anaweka karai chini ya difu na moja kwa moja anashika kizibo cha chini.

"Acha hapo hapo! Umefungua cha juu?"

"Bado, fundi."

"Basi cha chini usikiguse."

Difu ina vizibo viwili nyuma: cha chini cha kumwagia oili, cha juu cha kujazia. Ukimwaga ya zamani kisha cha juu kikagoma, gari imebaki kavu na haiendi popote. Nimeona gari ikivutwa kwa kamba kwa kosa hilo. Kwa hiyo tunaanza juu, kila mara.

Na cha juu kimegoma. Kizibo hiki hakina kichwa cha kushika kwa spana. Kina shimo la mraba la nusu inchi, unaingiza mkono wa soketi ndani yake. Fundi aliyepita aliingiza chuma kilicholegea, kikazunguka kikala kona zote nne. Juu ya hapo kuna kutu. Kisiwani hapa hewa yenyewe ina chumvi, na gari hii imelala miaka karibu na bahari. Nyuzi za kizibo nazo zimechongwa kama kabari, nyembamba mbele, nene nyuma, kwa hiyo aliyekaza kwa hasira alikipigilia.

Napiga brashi ya waya pembeni mwote, nachokoa uchafu kwa msumari, nanyunyiza mafuta ya kulegeza kutu. Kila nusu saa napiga uso wa kizibo nyundo ndogo ndogo, mafuta yapate kupenya. Katikati ya hapo nafunga breki za daladala moja, kazi ya kawaida.

Saa 5. Jaribio la kwanza. Mkono wa soketi unateleza, kona zinazidi kuliwa. Nasimamisha. Ukiendelea hapa unaharibu kile kidogo ulichobakiwa nacho.

Ami anaingia na kanzu yake nyeupe, anasimama mbali na oili.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Kinatoka?"

"Bado."

"Kipige moto basi. Wenzako wote wanapiga moto."

Namwonyesha tangi la petroli, hapo hapo nyuma ya difu, upande wa kulia. Moto hapa siwashi, wala sichomelei nati juu ya kizibo, mpaka tangi lishushwe. Anatazama, anatikisa kichwa, anakaa kwenye benchi. Hakuondoka tena mpaka jioni.

Saa 7 mchana, baada ya sala ya Adhuhuri. Namtuma kijana soko la samaki Malindi akalete barafu. Mimi nakaa kwenye jiriwa na boliti kuukuu ya lori na tupa. Nachonga ncha yake iwe mraba, mwembamba kidogo mbele, unene ukiongezeka kuelekea nyuma, ukizidi nusu inchi kwa kiasi kidogo tu. Kichwa cha boliti nakiacha kama kilivyo, soketi ipate pa kushika. Kuchonga huku kumenila saa nzima na nusu, napima, narudi, napima tena. Mkono unauma, lakini hapa ndipo kazi yote ilipo: chuma kijae shimoni, kisiwe na nafasi ya kucheza.

Saa 9. Nagongelea boliti yangu ndani ya mraba kwa nyundo nzito. Inaingia huku ikilia, inashika. Yale mapigo nayo yanatikisa kutu. Kijana anamimina maji yanayochemka juu ya matambara tuliyozungushia kifuniko cha difu, birika baada ya birika, chuma cha nje kitanuke. Kisha mimi nakandamiza barafu juu ya boliti ili kizibo cha ndani kisinyae. Mvuke, maji, harufu ya samaki, wote tumelowa.

Navalisha soketi na bomba la kama mita moja. Kwanza nakaza, unywele tu, kutu ivunjike. Kisha mkono uko upande wa kulia, nausukuma juu, taratibu, bila kushtua.

Tak.

Nikadhani boliti imekatika. Nikapapasa kwa kidole: mstari wa kutu umepasuka, kizibo kimezunguka. Ami alisema "Alhamdulillahi" kabla yangu.

Saa 11. Cha chini kilifunguka bila taabu. Oili iliyotoka ilikuwa kama nusu ya inavyotakiwa, nyeusi, inanuka kiberiti. Nimeisugua vidoleni: unga laini wa kijivu, hakuna vipande vya meno ya gia. Hapo ndipo nilipopumua. Difu hii ni ile iitwayo R180, na gia zake husagana kwa kuteleza, ndiyo maana inataka oili ya gia ya 90 yenye alama GL-5, lita moja hivi. Gari ikiwa imesimama mahali tambarare, unajaza kwa pampu mpaka ianze kumwagika kwenye mdomo wa tundu. Nyuzi nimezisafisha, nimezungushia tepu ya mabomba, nimekaza kwa kiasi. Kizibo kipya nimeshaagiza.

Saa 1 usiku. Tumeipeleka barabara ya uwanja wa ndege, Ami kwenye usukani. Mvumo umepungua sana, haujaisha. Sili ya mbele, ule mpira wa kuzuia oili, bado inavuja, na ili kuibadilisha lazima propela, ile shafti ndefu inayoleta nguvu ya injini kwenye difu, ishuke. Nimemwambia ailete Jumatatu, na asiikimbize mpaka hapo.