Mama na matundu ya karavani

Pasaka ya 2018 iliangukia tarehe 1 Aprili na Uingereza bado baridi kali, mwezi wa tatu wote theluji inakuja inaondoka inakuja tena, lakini watoto walikuwa wamefunga shule na mama alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, kwahiyo kaka akasema twendeni Skegness tukakodi karavani siku chache mama aone bahari ya huku. Hizo karavani sio zile za kuvutwa na gari, ni kama nyumba ya bati jembamba, imewekwa pale haiendi popote, ina vyumba, jiko, choo, na kuanzia maji ya moto mpaka hita ya sebuleni vyote vinakula gesi ya mitungi miwili mirefu myekundu iliyosimama nje ukutani. Kila mmoja kilo 47, hiyo gesi tu, ukijumlisha na chuma chake unakaribia kilo 100.

Mi nimelelewa na mjomba kule Ngamiani, Tanga, alikuwa na duka anauza gesi, kwahiyo mahali popote penye mtungi macho yangu yanaenda hapo kwanza. Nikaikagua ile mitungi kabla hata ya kuingiza mabegi. Imesimama wima juu ya zege, imefungwa mnyororo, hakuna mfereji wala shimo karibu, mipira yake ina tarehe iliyopigwa chapa na sio ya zamani. Nikafurahi kwa kweli. Na nyekundu maana yake propeni, ndo inayofaa huko, kwasababu ile nyingine ya mtungi wa bluu, buteni, baridi ikifika kwenye sifuri inagoma kutoka, unabaki na mtungi umejaa na jiko haliwaki, wakati propeni inaendelea kutoa gesi mpaka chini kabisa huko digrii 42 chini ya sifuri.

Mezani kulikuwa na faili la plastiki la masharti. Nikawasomea wote: mitungi usiiguse, jiko usilitumie kupasha joto chumba, jiko la mkaa lisiingie ndani wala chini ya turubai hata kama linaonekana limezimika, ukisikia harufu ya gesi funga valvu nje, fungua milango, usiwashe wala kuzima taa, toka ndo upige simu ofisini. Na matundu ya hewa yasizibwe. Kaka anasema sawa sawa huku anatafuta chaja. Mama yeye alishayaona hayo matundu, yako mawili chini kabisa karibu na jiko, yamefunikwa kawavu, na upepo wa bahari ulikuwa unapita hapo unampiga miguuni.

"Mwanangu, nyumba gani hii imetobolewa sakafu?"

"Mama yaache hivohivo, ndo usalama wenyewe huo."

"Haya."

Usiku wa pili hita ikawa haitoshi. Mi na wifi tulilala mapema na watoto, kaka akabaki na mama sebuleni wanapiga stori za Tanga, mama anatetemeka, basi kaka akawasha mafiga yote manne ya jiko na oveni akaiacha mlango wazi, na mama kwa upande wake akachukua kanga yake akaikunja vizuri akaisokomeza kwenye tundu la kwanza, la pili akaweka taulo. Yani kila mmoja kafanya lake kwa nia njema kabisa, kaka anamwonea huruma mama, mama anawaonea huruma wajukuu.

Nilichoshtukia mimi ni kelele. King'ora cha monoksaidi, ile gesi ya sumu, kiko ukutani juu, kinalia kile kilio cha kukata masikio, na mtoto mkubwa wa kaka amekaa kitandani anasema shangazi kichwa kinaniuma na nasikia kutapika. Hiyo gesi ya monoksaidi haina harufu, sio kama gesi ya mtungi ambayo wanaitia ile harufu mbaya makusudi ili pua ikushtue, hii inakulaza tu. Nikapiga kelele tokeni wote, wifi akabeba mdogo, kaka akazima jiko akamshika mama mkono, tukatoka na maduveti kwenye upepo ule. Nikazunguka nje kwenye mitungi, nikazungusha gurudumu la valvu kulia mpaka mwisho, la kwanza na la pili.

Mzee mmoja wa pale, ndo zamu yake ya usiku, alifika haraka sana akiwa na tochi, akahakikisha milango yote iko wazi. Hakumfokea mtu. Sisi tulipiga 111, namba ya simu ya ushauri wa afya, wakauliza maswali wakasema mtoto apelekwe akapimwe, kaka na wifi wakampeleka hospitali Boston, mji wa hukohuko Uingereza, usiku uleule na kulipokucha wakarudi naye mzima, alhamdulillahi. Mimi na mama tulihamishiwa chumba karibu na ofisi, tukapewa hita ya umeme, na yule mzee akasema gesi isiwashwe tena mpaka fundi aje.

Fundi alikuja asubuhi. Wifi ndo kwanza ametoka hospitali lakini alimwomba kitambulisho kabla hajagusa kitu, na jamaa akakitoa bila kununa, kadi ya Gas Safe, yaani orodha rasmi ya mafundi wa gesi walioruhusiwa, na nyuma yake imeandikwa kazi alizoruhusiwa, maana kuna fundi wa gesi ya bomba za mjini ambaye hana ruhusa ya mitungi. Akafunga kipimo akasubiri kuona kama presha inashuka, haikushuka. Akawasha figa moja moja akaangalia rangi ya moto, bluu safi. Jiko zima, mipira mizima. Shida ilikuwa moto mwingi kwenye chumba kisicho na hewa, ukikosa hewa hauungui sawasawa na hapo ndo monoksaidi inapozaliwa.

Yule mzee wa usiku naye alikuwepo, zamu yake imeisha lakini hakuondoka. Akapiga magoti karibu na jiko na kikombe cha maji, akamwita mama kwa mkono, akamimina maji kidogo sakafuni pembeni ya tundu. Maji yakatambaa, yakafika kwenye kawavu, yakateremka chini ya karavani. Akasema, mimi natafsiri, gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inafanya hivi, inalala sakafuni inatafuta pa kushukia, ukiziba hapa inabaki ndani inasubiri cheche. Mama akaweka kiganja kwenye tundu akausikilizia upepo. Faili zima nililomsomea mimi halikumwingia kama vile vijiko viwili vya maji, na mpaka leo naona kila karavani ingekuwa na mtu wa kuonyesha hivo siku ya kwanza, sio karatasi peke yake.

Mama akaniambia muulize, sisi kwetu mtungi tunauweka jikoni ndani, chini ya meza, mlango unafungwa usiku. Nikamuuliza. Mzee akafikiri kidogo, akasema kama kuna uwezekano utoe nje, usimame wima kwenye kivuli, na kama haiwezekani basi kuwe na tundu chini la kutokea nje na valvu ifungwe kila mkimaliza kupika.

Mama hakusubiri mpaka arudi Tanga. Palepale akaniambia mpigie dada yako, na dada alipopokea hata salamu hazikuisha, mama anamwambia mtungi utoke uani leo, fundi aje apitishe mpira ukutani. Dada akasema mama utaibiwa huo. Mama akasema wa huku umefungwa mnyororo nimeuona, tafuta mnyororo.