Mwiko

Mwaka 2014 nilikuwa mpishi msaidizi kwenye meli ya watalii iliyozunguka visiwa vya Karibi. Mwenzangu wa jikoni, mzaliwa wa Grenada, alichoka kunisikia nikijigamba kuwa kisiwa cha viungo ni Unguja na vingine vyote vinaiga. Hakubishana. Siku meli ilipofunga gati St. George's, mji mkuu wa Grenada, na sote wawili tukapata ruhusa, alinipakia basi dogo tukafuata pwani ya magharibi hadi kwa mamake, Gouyave, mji wa wavuvi.

Harufu ilinipokea kabla ya watu. Gouyave wana ghala ambamo kungumanga hukaushwa na kuchambuliwa, na upepo ukitokea huko ni kama mtu amefunua mkebe wa bizari puani pako. Ua la yule mama halikuwa na kokoto, lilimwagwa maganda magumu ya kungumanga, yanalia chini ya viatu. Mamangu alikuwa akiikuna moja wiki nzima, kidogo kidogo kwenye uji. Hawa wanatembea juu ya maganda yake! Majigambo yangu nikaanza kuyameza hapo hapo mlangoni.

Alikuwa anapika oil down, chakula cha taifa lao. Nilipewa kigoda nimenye shelisheli, na kila kilichopita mbele yangu nilikijua: ndizi mbichi, majani ya majimbi, nazi, pilipili. Akaniagiza nimpe "saffron". Nikatafuta zafarani, nikistaajabu watu hawa wana fedha gani; kumbe manjano ndiyo wanayoiita hivyo.

Desturi ni kutia mkia wa nguruwe wa chumvi. Mwenzangu alikwishasema mimi ni Muislamu, basi mama akaweka samaki wa chumvi badala yake. Nikamnong'oneza mwenzangu: na sufuria je? Akacheka. Sufuria imeazimwa kwa jirani Msabato, naye hagusi nguruwe.

Huku tukimenya, mama alinionyesha kilima nyuma ya nyumba. Mikungumanga yake iling'olewa na kimbunga Ivan, Septemba 2004, kama ilivyong'olewa karibu kisiwa kizima. Alipanda mingine, lakini mkungumanga hauna haraka: unaulea miaka, na mpaka utoe maua hujui ni dume au jike. Madume yalimtoka mengi. Nikamsimulia kimbunga cha mwaka 1872 kilichoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika. Akaguna tu, kama mtu anayesikia habari za jamaa wa mbali.

Kisha akaipanga sufuria. Ndivyo wasemavyo, kupanga, na kweli alipanga: shelisheli chini, samaki, ndizi, vitonge vya unga alivyovisokota kwa viganja, majani ya majimbi juu kama shuka. Akamimina tui lililogeuka rangi ya dhahabu kwa manjano, akafunika, akatoka na mwanawe kwenda ufukweni kuwaangalia wavuvi.

Nikabaki na sufuria. Baada ya muda nikasikia inatokota, nikafunua. Tui lilikuwa linakatika! Vijicho vya mafuta vinaelea pembeni, maziwa yanajitenga. Aliyekulia jiko la pwani anajua aibu ya jambo hilo. Kwetu tui usipolikoroga mpaka lichemke, linakatika, na aliyelikata atasemwa mpaka arusi ijayo. Sikufikiri mara mbili. Nilichukua mwiko nikauzamisha mpaka chini, nikakoroga kwa bidii zote nilizofundishwa na mama. Shelisheli likapondeka, vitonge vikachanika, majani yakaenea kote.

Mama alirudi akanikuta na mwiko mkononi. Aliutwaa, akaugonga ukingoni mwa sufuria mara mbili, akautundika mahali pake. Ndipo akauliza nani kaniambia nikoroge.

"Tui lilikuwa linakatika, mama."

"Linakatika?" Akamgeukia mwanawe. "Sasa lisipokatika, mafuta nitayapata wapi?"

Ndiyo maana ya jina lenyewe, oil down, mafuta chini. Tui huachwa likauke lote, mafuta ya nazi yashuke chini ya sufuria, shelisheli liyanywe. Kosa la jikoni kwetu ndilo chakula chao.

Tulikula bokoboko la kijani. Mwenzangu alicheka hadi akapaliwa. Mimi nilikula mpaka nikaramba vidole, maana ladha haikuharibika: chumvi ya samaki, nazi iliyoiva mpaka ikawa tamu, pilipili inayochelewa kuuma. Mama alinipakulia mara ya pili bila kuniuliza, akasema aliyekoroga ndiye amalize.

Saa kumi tulikimbilia basi. Alinitia mfukoni kungumanga mbili kavu, bado zimo ndani ya maganda yake. Niliziweka kwenye saraka ya kitanda changu melini, na usiku bahari ilipochafuka zikawa zinabingirika huku na huku, mbegu zikigonga ndani, hadi mwenzangu wa kitanda cha juu akanitukana.