Ndugu wa kaskazini, leteni kazi zenu Nakuru

Mwaka jana, kwenye mauzo yetu ya sanaa, mama mmoja alinyanyua kikapu cha Kiturkana, akakigeuza juu chini, akaniuliza, "Nani amekisuka?" Nikamtazama muuzaji. Yeye alikuwa amekinunua kwa mchuuzi, na mchuuzi kwa mchuuzi mwenzake. Mama akalipa, akaenda zake bila jibu. Swali lile limenikaa moyoni hadi leo.

Kwa hiyo nilipoombwa mwaka huu kuingia kwenye jopo la kuchagua kazi zitakazouzwa, nilitoa sharti moja: mwaliko ufike kaskazini, na uwafikie mafundi wenyewe. Basi huu hapa. Mnaosuka majani ya mkoma Lodwar na Kalokol, mnaotunga shanga Maralal na Wamba, mnaochonga vigoda Loiyangalani, ombeni nafasi.

Mimi hushona mikoba ya ngozi hapa Nakuru. Mwaka 2021 UNESCO iliuingiza mji wetu katika miji ya ubunifu, upande wa ufundi wa mikono na sanaa za jadi, nasi tukafurahi sana. Lakini mezani kwetu utakuta mawe ya kuchongwa ya Tabaka, kule Kisii, na vikapu vya kiondo, na fundi yupo kando ya kazi yake. Kazi ya kaskazini huja peke yake.

Najua neno "jopo" linatisha, kwa hiyo nieleze. Tuko watano. Majina hubaki kwa katibu, sisi tunaona namba tu. Kikapu tunakianzia kitakoni, kwa sababu mzunguko wa kwanza ukilegea, mdomo utapinda hata rangi zipendeze vipi. Shanga tunazivuta kidogo tuujue uzi. Kigoda tunakikalia. Mzee wa Kiturkana hukikalia mchana, na akijilaza hukiweka chini ya kichwa, nywele zake zisiharibike. Kikitikisika, bado hakijaisha.

Mwanzo tunataka picha nne tu: juu, kitako, ndani, na moja ukiwa umeishika kazi mkononi tuone ukubwa. Pigeni nje asubuhi, jua halijawa kali. Asiye na simu ya picha amwombe mwalimu au kijana wa dukani. Waliochaguliwa ndio watakaotuma mzigo: wa Lodwar utashuka kupitia Kitale na Eldoret, wa Maralal utapitia Rumuruti na Nyahururu.

Bei andika mwenyewe. Hesabu siku za kusuka, hesabu na siku uliyoyafuata majani.

Tena nawasihi, msibadilishe kazi kwa ajili yetu. Msipake vanishi. Kibuyu cha maziwa kinachonukia moshi kije na moshi wake. Mtu akipanda basi Marsabit kuja huku husema anaenda Kenya, ilhali Marsabit ni Kenya hiyo hiyo, na kila nikilisikia hilo naumia, maana ni sisi wa huku tuliowafanya wajione wako nje. Sitaki mtu aone kwamba ili apokelewe Nakuru lazima kwanza kazi yake ifanane na yetu.

Mpeni katibu jina kamili na kijiji, tuandike kwenye kadi ya kila kazi. Yule mama wa kikapu ameshanipigia simu mara mbili kuulizia siku ya mauzo.