Sululu wa Jomvu Kuu

Binokula, ile darubini ya macho mawili, ilifika nyumbani kabla ya hamu ya ndege. Binamu yangu, baharia wa meli za mizigo, alikuja likizo mwaka 2013, na alipoondoka akaiacha kwetu Mji wa Kale, Mombasa, pamoja na buti za kazini na sanduku lililovunjika kitasa, akasema atavichukua safari nyingine. Ilikuwa kubwa, imevishwa mpira mweusi, nzito ya kuumiza shingo. Mama akaiweka juu ya kabati, na huko ikakaa ikila vumbi.

Hamu niliitoa Nairobi. Nilipelekwa na kazi kwenye semina, nikalala hosteli iliyo karibu na Makumbusho ya Taifa, na Jumatano asubuhi nikatoka kutafuta chai. Penye Makumbusho nikakuta kundi la watu wamesimama kimya wakitazama mti mmoja. Wazee, wanafunzi, Wazungu wawili watatu, mama mmoja na kikapu chake cha sokoni. Nikadhani kuna nyoka. Kumbe ni matembezi ya kutazama ndege ya Nature Kenya, chama cha wapenda viumbe na mazingira, yale yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971 na ambayo hufanyika kila Jumatano. Nikaambatana nao mpaka semina ikanipita nusu. Mzee mmoja aliniazima binokula yake, akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia. Akacheka. "Yaani wewe unatoka Mombasa, halafu unakuja kutafuta ndege Nairobi?"

Maneno hayo nilirudi nayo kwenye basi usiku kucha.

Nikaanzia nyumbani. Alfajiri nikapanda juu darini na daftari na ile binokula ya binamu. Nikaandika: kunguru. Chini yake: kunguru. Kisha njiwa, kisha kunguru kumi wakimfukuza mwewe mpaka upande wa Ngome ya Yesu. Hawa kunguru wetu wenye shingo ya kijivu si wenyeji, wametoka Bara Hindi. Zanzibar waliletwa miaka ya 1890, na ilipofika 1947 walikuwa wameshaonekana Mombasa. Hula mayai na makinda ya ndege wengine, hula takataka zetu, na hawaogopi mtu. Ukiwa na kunguru wengi hivyo, usitegemee chozi au mnana aje kujenga dirishani kwako.

Lakini si kunguru walionishusha darini. Mji wa Kale nyumba zimebanana, na juu ya dari ndiko wanawake wanakoanika nguo na kukaa vichwa wazi kupunga upepo. Mwanamume mzima na binokula juu ya dari! Habari ilimfikia mama kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza.

"Watezama nini huko juu?"

"Ndege, mama."

"Ndege gani hao wanaokaa kwenye kamba za nguo za watu?"

Sikuwa na jibu. Mama alifikiri kidogo, kisha akatoa hukumu ambayo mpaka leo namshukuru nayo. "Kama ni ndege kweli, nenda kwa ami yako Jomvu. Huko wako mpaka wamezidi."

Ami alikuwa mvuvi Jomvu Kuu, mji wa kale ulio ukingoni mwa mkono wa bahari unaoingia bara kutoka Tudor. Nilimpigia simu. Hakushangaa, wala hakuuliza kwa nini mtu aache kazi zake akatazame ndege. Alichouliza ni kama naweza kuamka. Akanipangia Jumapili moja ya Oktoba, ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita siku nyingine, niende nikalale kwake siku ya kuamkia.

Kwetu siku za bamvua maji hujaa kiasi cha saa kumi alfajiri, na kupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Tofauti ya kujaa na kupwa hupata mita 3, na katika ghuba yenye kingo za matope kama ile, mita 3 ni mashamba kwa mashamba yanayofunuka. Haya Ami hakunieleza. Aliniamsha tu baada ya sala ya alfajiri, akaniambia nikunje suruali.

Tulishuka na maji yanayotoka. Mtumbwi ulikuwa wa mti mmoja, umetiwa viraka vya bati pembeni. Ami alisimama nyuma na pondo, mimi nimekaa mbele na mahamri mapajani, mbaazi ndani ya kopo, chai kwenye chupa. Sitakudanganya kwamba palinukia vizuri. Maji machafu ya mji huingia kule, mifuko ya plastiki imening'inia kwenye mizizi ya mikoko kama nguo za mwenye nyumba mvivu, na mahali pengine mikoko imekatwa ikabaki visiki. Hata hivyo, kulipokucha, kila kisiki kilikuwa na mwenyewe. Kulastara mmoja kwenye hiki, yangeyange kwenye kile, na mdiria mweupe kwa mweusi akipapatika hewani mahali pamoja, kichwa chini, halafu jiwe: chubwi! Akatoka na kidagaa, akakipiga piga juu ya tawi la mchu.

Hapo ndipo niliposhukuru binokula ya baharia. Ile namba iliyoandikwa juu yake, 7x50, maana yake ni kwamba inavuta mara 7, na kioo cha mbele kina upana wa milimita 50. Watu wanaoanza hukimbilia zinazovuta mara 10 au 12, wakidhani namba kubwa ndiyo bora. Lakini inayovuta sana hukuza na mtetemo wa mikono pia, na ndani ya mtumbwi huoni chochote ila ukungu unaocheza. Ya mara 7 ilitulia. Na kioo kipana kiliingiza mwanga wa kutosha hata jua lilipokuwa bado halijatoka.

Ami aliitazama kwa muda.

"Mwanangu, hicho chombo chako chaonesha mpaka wapi?"

Nikamwambia mpaka ng'ambo.

"Hebu nipa."

Akaielekeza, si kwa mdiria, bali kwenye wando wake, ule uzio wa fito alioutega upande wa pili. Kwa siku nyingi alikuwa akishuku kuna mtu anamtangulia kuchukua samaki. Alitazama sana. Aliponirudishia alikuwa ananung'unika jina la mtu ambalo sitaliandika hapa. Tangu dakika hiyo binokula ilikuwa ya shirika: nusu saa ndege, nusu saa wando.

Maji yalipopungua aliusukuma mtumbwi mpaka ukingo wa fungu, ukakwama kwenye matope, akachomeka pondo na kuketi. Mbele yetu matope yalikuwa yanang'aa, na mbali kabisa, karibu na maji, nikaona vitu vinatembea. Vingi. Nikainua binokula: ndege wa kahawia. Wakubwa wa kahawia, wadogo wa kahawia, wa katikati wa kahawia. Nikataka kushuka niwafuate.

"Wenda wapi?" Ami akasema. "Matope hayo yatakumeza mpaka kiunoni, na wao waruke wakutezame kutoka ng'ambo. Keti. Maji yakirudi watakuja wao."

Tukaketi. Jua likapanda. Nikala mahamri. Nilikuwa nimeazima kitabu cha ndege kwa rafiki, na kila nilipokifungua nilichanganyikiwa zaidi, kwa sababu ukurasa mzima ulikuwa ndege kumi na tano wa kahawia wenye tofauti ya kutafuta kwa tochi. Nikakifunga. Wale wa Nairobi walikuwa wameniambia: andika kwanza unachokiona, kitabu baadaye, kwani ukianza na kitabu macho yataona kilichochorwa. Ukubwa wake kulinganisha na ndege unayemjua. Mdomo. Miguu. Anakulaje. Nikaanza kuchora midomo tu, vijistari vilivyopinda, na ukurasa ukajaa.

Kama saa tano hivi bahari ikageuka. Hukuiona ikija. Kijito kimoja katika matope kilianza kutiririka kinyume, kisha kingine, na wale ndege wa mbali wakawa wanasogezwa, hatua kwa hatua, kila maji yalipowagusa matumbo. Matope yao yalizidi kuwa finyu na yetu ndiyo yaliyobaki. Wakaja mpaka nikaweza kuweka binokula chini.

Wa kwanza kufika alikuwa sululu. Nilimjua kwa mdomo, mrefu na umepinda kuelekea chini, na kichwani michirizi miwili myeusi iliyo kama imepakwa kwa kidole. Alikuja akitembea bila haraka, akasimama kwenye tundu la kaa, akauzamisha mdomo wote mpaka kwenye macho. Akautoa na kaa, amemshika gando. Akamtikisa kwa nguvu, gando likakatika, kaa akaanguka akaanza kukimbia upande na miguu iliyobaki. Sululu akamdaka tena. Akatikisa tena. Mguu ukaruka huku, mwingine kule, mpaka likabaki gamba peke yake, akaliosha ndani ya kidimbwi, akalitupa kooni. Koo likafura kama mtu aliyemeza kokwa. Wala hakututazama. Nilisikia Ami akicheka kwa pua.

"Hawa waja kila mwaka, kusi ikilegea," akasema. "Masika yakikaribia waenda zao. Wabaki wachache, wale wadogo wasiojua kuzaa."

Nilikuja kusoma baadaye na nikakuta hivyo hivyo: sululu hutaga mbali kaskazini, nchi za baridi za Ulaya na Urusi, na wachanga wengi hawarudi mwaka wao wa kwanza, hubakia huku pwani. Ami hakuwahi kufungua kitabu cha ndege maishani mwake. Nadhani watu wetu wa baharini wanajua mengi namna hii, na hakuna anayewauliza, kwa kuwa tunaotafuta ndege tunatafuta kwanza mtu mwenye fulana ya kijani na mifuko mingi.

Nyuma ya sululu wakaja kitwitwi, kundi kwa kundi, wakidonoa matope kwa kasi ya cherehani. Miongoni mwao alikuwapo mmoja wa ajabu, miguu ya njano fupi, mdomo umepinda kuelekea juu, akikimbia ameinama huku na huku akifukuza vikaa vidogo kama amechelewa basi. Huyo hata Ami hakuwa na jina lake la peke yake, kwake wote walikuwa kitwitwi. Nikamchora. Na wengine, wenye mdomo mwembamba uliopinda chini kidogo, ambao hutaga kaskazini kabisa ya Siberia. Ndege ambaye uzito wake haufiki gramu 100, na amevuka bara zima la Asia kuja kula matope ya Jomvu.

Kisha wote wakaruka kwa mpigo. Sikusikia chochote kabla, ila mluzi wa sululu, mwepesi, wa kufululiza, titititititi. Kundi zima likageuka hewani, likawa jeupe, likageuka tena likapotea, likawa jeupe tena. Nikainua binokula upande usiofaa. Ami ndiye aliyenigeuza bega.

"Furukombe."

Alikuwa anapita juu ya mikoko kwa mbawa zilizokunjika kidogo, kifua cheupe, mstari mweusi kwenye jicho. Hakuwa na habari na kitwitwi, yeye ni wa samaki, lakini nani atakaa kuhakikisha? Alizunguka mara mbili, akashuka miguu mbele, maji yakapasuka karibu kabisa na wando wa Ami. Akanyanyuka na samaki, akampanga kichwa mbele mkia nyuma, akaondoka naye.

Ami alikuwa amesimama.

"Huyo!" akasema. "Huyo ndiye mwizi wangu!" Akanyamaza, kisha akaongeza, "Mmoja wao."

Maji yakatuinua, tukarudi nayo. Mke wa ami alitupokea mlangoni, akatazama ndoo iliyokuwa na samaki wachache wa wandoni, akatazama na daftari langu.

"Na hao ndege waliwa?"

"Hawaliwi, watezamwa," Ami akamjibu, kwa sauti ya mtu mwenye shughuli maalumu.

Nilikaa barazani na kitabu mpaka alasiri, nikilinganisha midomo niliyoichora na ile iliyochapishwa. Yule wa mdomo wa juu alikuwa rahisi, yuko peke yake. Wale wengine wadogo walinichukua muda, na wawili niliwaacha na alama ya kuuliza ambayo bado ipo kwenye daftari lile. Ami alikuja akaketi pembeni, akatazama michoro, akanirekebisha miguu ya sululu kwamba nimeifanya mifupi. Kisha akanihesabia kwa vidole: bamvua hili la mwezi mwandamo, lijalo ni la mwezi mpevu, si Jumapili hii ijayo bali ya pili yake.

"Ukija," akasema, "njoo na mahamri ya kutosha. Ya leo umekula wewe peke yako."