Hicho Kifaru Kilikufa Lini?

Jumapili, saa tano usiku

Mezani kuna chupa ya supa gluu iliyojiziba mdomo, penseli ya 6B iliyobaki fupi kama kidole gumba, soksi moja ya nailoni, na kopo la Blue Band lililojaa udongo mwekundu. Mama watoto ametandika gazeti chini ya kopo. Jana aliniambia hajui mwanamke mwingine Tabata nzima anayefuta vumbi la Kagera kwenye meza yake ya chakula. Nilinyamaza, maana ni kweli.

Kifaru chenyewe ni Type 59, modeli ya plastiki ya kipimo cha 1/35, yaani ndogo mara 35 kuliko chenyewe. Wachina walikitengeneza kwa kufuata T-54A ya Wasovieti: tani 36, watu wanne ndani, mzinga wa milimita 100, magurudumu matano kila upande. Jeshi letu lilikuwa navyo wakati wa vita vya Kagera, na Baba Mkubwa aliendesha kimojawapo. Dereva, anasisitiza yeye, siyo mpiga mzinga. Sasa ni mzee wa Bunazi mwenye migomba yake na simu janja aliyonunuliwa na wajukuu. Nilimwambia mwezi wa tano kwamba namtengenezea kifaru chake. Akacheka, akauliza kitakula mafuta kiasi gani.

Bodi na mnara sikupata nazo shida. Kazi iliyonila wiki sita ni cheni.

Katika sanduku zilikuja za vinaili, ile plastiki laini, mikanda miwili mirefu myeusi inayopinda kama mpira wa ndala. Unaizungusha kwenye magurudumu, unaunga ncha, basi. Wapo wenzangu wanaozitupa na kuagiza za chuma, pingili moja moja, kila pingili na pini yake. Zinapendeza, sikatai. Ila bei ya hizo, ukijumlisha na kusafirisha, ningenunua kifaru cha pili. Nimebaki na vinaili, na nimejifunza kwamba vinaili ina tabia zake kama mtu.

Tabia ya kwanza niliijua zamani, kwa machungu. Nilikuwa na modeli moja niliyoiweka kabatini miaka minane. Siku ya kuitoa nikakuta magurudumu yameyeyuka kila mahali yalipogusana na cheni, kama mshumaa ulioachwa juani. Kile kinachoifanya vinaili iwe laini huvuja polepole, na kikikutana na plastiki ngumu kinaila. Tangu hapo sifungi cheni kwenye gurudumu lisilopakwa rangi. Gurudumu linapata praima, rangi ya msingi, linapata rangi yenyewe, linakauka, ndipo mambo mengine yaendelee.

Tabia ya pili ni hiyo hiyo, imevaa nguo nyingine. Safari hii nilitaka kubana matumizi nikatumia rangi ya mafuta, ile ya kupaka madirisha. Wiki ya kwanza inanata. Wiki ya tatu inanata. Nywele za paka, nyuzi za pazia, mbawa za kumbikumbi, vyote vilijiandikisha pale. Nikaifuta na thina, nikaharibu meno kadhaa ya upande wa ndani. Mwisho nikaanza upya: maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki mkuukuu, maana cheni hutoka kiwandani na mafuta ya kuzitoa kwenye kalibu, na juu ya mafuta hakuna rangi inayoshika. Nikaziacha zikauke usiku kucha. Kisha rangi ya akriliki, inayoyeyuka kwa maji, nyepesi, mara tatu. Nyeusi iliyochanganywa na kahawia, siyo nyeusi tupu. Nikazipaka zikiwa zimeshazungushwa kwenye kopo la duara, kwa sababu ukipaka mkanda ulionyooka halafu ukaukunja, rangi inapasuka kwenye kona.

Zilipokauka nikafanya walichokuwa wanafanya wote kwenye video: kutu. Nilisaga chaki za rangi, chungwa na kahawia, nikapaka kwa brashi, nikadondoshea tapentaini. Ikapendeza! Kila pingili iliwaka kama bati la banda la kuku. Nikapiga picha, nikamtumia Baba Mkubwa.

Akajibu kwa sauti, sekunde nne tu. "Hicho kifaru kilikufa lini?"

Nilisikiliza mara tatu. Nikampigia.

"Shikamoo Baba Mkubwa."

"Marahaba. Sasa mwanangu, hiyo cheni imekaa porini mwaka mzima. Umetengeneza mzoga."

Akanieleza kwamba kifaru kinachotembea hakina nafasi ya kuota kutu. Mchanga na mawe vinasugua chuma kila mita. Meno yanayokanyaga ardhi yanang'aa kama jembe la mtu anayelima. Ukikiegesha, mvua ikanyesha usiku, asubuhi utakuta utando mwembamba wa rangi ya chungwa, na mkishaenda nusu kilomita umefutika. Kutu inabaki kwenye mashimo tu, pale ambapo hakuna kinachopafikia, na hata huko mara nyingi imefunikwa na tope.

Sikubishana naye, ila nilitaka kuona. Jumamosi iliyofuata nikaenda wanakotengeneza barabara, si mbali na kwangu, kuna kijiko kimeegeshwa. Mlinzi aliniuliza natafuta nini nikiwa nimechuchumaa mbele ya cheni na simu mkononi. Nikamwambia naangalia rangi. Akaniangalia kwa huruma, akaniacha. Na ni kweli kabisa: ncha za meno nyeupe kama kijiko cha chai, mashavu ya pingili kahawia iliyokolea karibu na nyeusi, udongo mkavu umejikusanya kwenye pembe, na ile reli ya ndani inayokanyagwa na roli imesuguliwa hadi unaweza kujiona. Kutu ya chungwa ilikuwa kwenye boliti mbili tu.

Nilirudi nyumbani na ujuzi wangu mpya, nikasugua penseli, maana unga wake unang'aa kama chuma, kila mahali, nje na ndani. Picha ikaenda Bunazi. Sauti ikarudi: magurudumu ya Type 59 yana raba. Raba hailambi chuma kama chuma kwa chuma. Njia ya magurudumu inakuwa laini, nyeusi yenye mng'ao wa mbali, kama sakafu iliyopigwa nta. Penye kung'aa hasa upande wa ndani ni pale yanapoingia meno ya sproketi, lile gurudumu linaloivuta cheni. Nikafuta tena. (Akriliki inavumilia kufutwa kuliko nilivyodhani.)

Kwa hiyo hivi ndivyo zilivyo usiku huu. Chini kabisa ile kahawia-nyeusi. Juu yake maji mepesi ya rangi ya mafuta ya wachoraji, ile kahawia ya kuungua, iliyopunguzwa kwa tapentaini hadi karibu iwe chai ya rangi. Hiyo inajificha yenyewe kwenye mifereji, na kwa kuwa ni utando tu juu ya akriliki, imekauka bila kunata. Chaki ya chungwa kidogo mno, kwenye mashimo manne au matano, basi. Halafu unga wa penseli kwa ncha ya kidole kwenye meno ya nje. Kidole kinashinda brashi kwa kazi hii, kinagusa palipoinuka tu, kama ardhi inavyogusa.

Na udongo. Baba Mkubwa aliutuma kwa basi pamoja na mkungu wa ndizi, umechotwa kando ya barabara ya kwenda Kyaka. Niliukaanga kwenye kikaango kibovu kuua wadudu na mizizi, nikauchekecha kwa soksi. Kwenye kipimo cha 1/35 punje ya milimita moja ni jiwe la sentimita tatu na nusu, na tope lote linageuka kokoto. Nikachanganya na gundi nyeupe, maji, na tone la sabuni. Hata hivyo, ulipokauka, ulikuwa umekolea mno. Udongo halisi, rangi halisi, na bado ukionekana wa uongo! Kwenye kitu kidogo rangi huonekana imekolea kuliko kwenye kikubwa, ikabidi niuchanganye na unga wa chaki nyeupe ya ubaoni. Sikumwambia mzee kwamba nimeupausha udongo wa kwao.

Kazi ya mwisho ilikuwa kuilaza cheni. T-54 na ndugu zake hawana roli ndogo za juu. Cheni inalala juu ya magurudumu kwa uzito wake. Vinaili haina uzito, inajibinua juu kama mkanda wa suruali mpya. Niliweka tone la supa gluu juu ya kila gurudumu, nikashindilia vipande vya sponji chini ya madigadi, nikaacha hadi asubuhi.

Wakati nasubiri ikauke nilimpigia tena, tukazungumza karibu saa nzima. Analalamika kwamba watu wakijua alikwenda hadi Uganda wanamuuliza tu mlimpiga nani. Hakuna anayemuuliza walipitaje kwenye matope. Akanieleza kuhusu pini: hazikuwa na nati, zilichomekwa kutoka ndani, upande wa bodi, na zikianza kuchomoka kuna kipande cha chuma kwenye bodi kinazigonga zirudi. Ukiendesha ulikuwa unazisikia. "Tak, tak," alisema, na akaendelea kuigiza kwenye simu, tak, tak, tak, mpaka Mama Mkubwa akasikika nyuma akimuuliza anagonga nini.

Leo mchana nimetoa sponji. Imelala vizuri. Nikapiga picha nne dirishani, kwenye mwanga, nikazituma zote.

Jibu lake limekuja baada ya magharibi. Cheni ya kulia safi. Ya kushoto nimeivalisha kinyume, pingili zinaangalia nyuma.

Nimeichukua lensi, nimeangalia. Kweli. Matone matano ya supa gluu, na tope juu yake.

Dakika mbili baadaye ikaja sauti nyingine: "Usiitoe. Na sisi tuliwahi kuivaa hivyo, usiku, mvua inanyesha, hakuna tochi. Tukatembea nayo hadi kulipokucha." Kisha akauliza mbona sijasema kama ndizi zilifika salama.